KISUMU HADI NAIROBI KWA NDEGE: NI MBALI KIASI GANI, NA NI SAA NGAPI?

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kiliniomba niandike makala ya somo, nami nikaachiwa nichague mada mwenyewe. Wenzangu walidhani nitaandika juu ya ngeli au viambishi. Badala yake nimeamua kupima umbali na muda wa safari ya ndege kati ya mji wetu wa Kisumu na Nairobi. Najua kuna atakayeuliza, "Hilo si somo la Jiografia?" Ni kweli, tena na Hisabati imo. Lakini kosa lililonifanya nianze kuyachunguza mambo haya lilikuwa kosa la Kiswahili, na nililifanya mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili mwenye beji kifuani.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika likizo ya Agosti nyanya yangu, ambaye sisi sote humwita Dani, alikuwa na miadi na daktari wa macho kule Nairobi. Daktari wa hapa Kisumu alikuwa amempima akasema presha ndani ya jicho lake la kulia imepanda, asikawie. Baba anafanya kazi Nairobi. Aliona nyanya asiteswe na barabara, akajikakamua akanunua tiketi mbili, ya Dani na ya shangazi wa kumsindikiza, kisha akazituma kwenye simu. Miadi ilikuwa saa tisa alasiri. Dani alitoka Seme siku moja kabla akalala kwetu Nyamasaria. Jioni hiyo akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiye umesoma. Nisomee hiyo karatasi ya ndege."

Nikasoma. Kuondoka Kisumu 07.10, kufika Nairobi 08.00. Nami nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Saa saba na dakika kumi, na mtafika saa nane kamili." Shangazi akahesabu kwa vidole: saa nane kutua, saa tisa hospitali. "Inatosha," akasema. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Kwa nini waniulize, na mimi ndiye msomi wa nyumba?

Kesho yake tulikunywa chai polepole. Dani alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe. Tulifika uwanjani kama saa tano hivi, tukijiona watu wa mapema. Dada aliyekuwa kaunta akaangalia simu, akatuangalia sisi, akaangalia simu tena. "Mama, ndege hii iliondoka asubuhi." Dani akamwuliza, "Kwa hivyo imeenda na kiti changu?" Mahali pengine tungecheka. Ndege iliyofuata ilikuwa imejaa, na ile nyingine ilikuwa ya jioni. Basi tukakimbilia steji, Dani na shangazi wakapanda matatu saa sita na nusu. Walifika Nairobi saa mbili na nusu usiku. Daktari alikuwa ameenda zake nyumbani, na nafasi nyingine ikapatikana baada ya wiki sita.

Nitayarudia hayo. Kwanza tufanye somo.

UMBALI

Ukimwuliza makanga wa steji ya Kisumu, "Nairobi ni kilomita ngapi?" atakujibu mia tatu na hamsini, na hajakosea. Barabara ya Kericho na Nakuru ina urefu wa kilomita 346 hivi: kama 82 hadi Kericho, 107 zaidi hadi Nakuru, kisha 157 hadi Nairobi. Reli ni ndefu zaidi, karibu kilomita 400, kwa sababu garimoshi haliwezi kupanda mlima kama mbuzi. Lazima lizunguke na kujipinda kutoka Muhoroni kupitia Fort Ternan hadi Londiani ndipo liupate mgongo wa Mau. Lakini ukichukua ramani ya Kenya iliyo kwenye ukuta wa darasa letu, ukanyoosha uzi kutoka katikati ya mji wa Kisumu hadi katikati ya Nairobi, kisha ukaupima uzi huo kwa kipimo cha ramani, unapata kilomita 265 tu. Kwa hivyo hakuna "umbali" mmoja kati ya miji hii miwili. Kuna wa barabara, kuna wa reli, na kuna wa kunguru. Ndege inafuata ule wa kunguru, ingawa si kamili kama tutakavyoona.

Uzi ni mzuri, lakini unaweza kupima bila ramani yoyote, kwa kalamu na karatasi tu. Hapa ndipo sisi watu wa Kisumu tuna bahati ambayo wanafunzi wa London hawana. Unajua kwamba dunia imegawanywa kwa mistari ya latitudo na longitudo, na kila digrii ina dakika 60. (Hizi ni dakika za pembe, usizichanganye na za saa.) Mabaharia wa zamani walichukua dakika moja ya latitudo wakaiita maili ya baharini. Marubani wakairithi. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852.

Sasa, mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia, kama pingili za chungwa. Kule Uingereza dakika moja ya longitudo ni fupi sana kuliko ya latitudo, na hesabu inakuwa ngumu. Lakini kwetu hapa Ikweta inapita Maseno, na mji wa Kisumu uko kilomita 11 tu kusini mwa mstari huo. Dakika ya latitudo na dakika ya longitudo kwetu ni karibu sawa kabisa. Kwa hivyo tunaweza kutumia kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa Kidato cha Pili, bila kuogopa.

Uwanja wa ndege wa Kisumu uko 0°05′ Kusini na 34°44′ Mashariki. Uwanja wa Jomo Kenyatta, ule wa Embakasi, uko 1°19′ Kusini na 36°56′ Mashariki. Tutoe:

Latitudo: 1°19′ – 0°05′ = 1°14′, yaani dakika 74.
Longitudo: 36°56′ – 34°44′ = 2°12′, yaani dakika 132.

Chora pembetatu mraba. Upande mmoja ni maili 74 kwenda kusini, mwingine ni maili 132 kwenda mashariki, na ule upande mrefu unaoziunganisha ndiyo njia ya ndege.

74 × 74 = 5,476
132 × 132 = 17,424
Jumla = 22,900

Kipeuo cha pili cha 22,900 ni 151.3. Hizo ni maili za baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita 280. Mbona si 265 kama ile ya uzi? Kwa sababu uzi ulipima mji hadi mji, na viwanja havijengwi katikati ya mji. Wa Kisumu uko upande wa magharibi, njia ya kwenda Busia. Wa Nairobi uko mashariki, njia ya kwenda Mombasa. Yaani vyote viwili viko upande usiofaa! Ungevibadilisha, safari ingepungua.

Niliifanya hesabu hii mara tatu kabla ya kuiamini. Mwalimu wetu wa Hisabati aliipitia akasema ni sawa kwa masafa mafupi kama haya, ila nisijaribu kuitumia kwa safari ya Nairobi hadi London, kwa sababu dunia ni mviringo na pembetatu ya kwenye karatasi ni bapa. Kwa safari hiyo chukua tufe la maktaba na unyooshe uzi juu yake. Utapata kama kilomita 6,800.

MUDA

Muda ni umbali ukigawa kwa mwendo. Kila mtoto wa darasa la saba anajua. Ndege nyingi zinazokuja Kisumu ni zile za mapanga mawili aina ya Dash 8-400, ambazo zikiwa zimetulia angani zinaweza kwenda kilomita 667 kwa saa. 280 ukigawa kwa 667 ni saa 0.42, yaani dakika 25. Sasa mbona tiketi ya Dani ilisema 07.10 hadi 08.00, dakika 50? Hizo dakika 25 nyingine zimeenda wapi? Nani amezila?

Safari ya pili, wiki sita baadaye, mimi ndiye niliyemsindikiza Dani, na nilikuwa na saa mkononi na daftari magotini. Tulikuwa na ndege ya saa ileile. Mlango ulifungwa saa moja na dakika nne. Magurudumu yaliacha ardhi saa moja na dakika kumi na sita. Yaligusa ardhi Embakasi saa moja na dakika arobaini na saba, na ndege ikasimama kabisa saa mbili kasoro dakika nne. Kwa hivyo angani tulikaa dakika 31, na zile nyingine 21 tulikuwa chini, tukitambaa kama matatu kwenye foleni. Tiketi huhesabu kuanzia ndege inapotoka mahali pake hadi inaposimama, na si kupaa hadi kutua. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni kwamba ile kilomita 667 kwa saa ni mwendo wa juu, hewani. Ndege ikipanda na ikishuka huenda polepole zaidi, na katika safari fupi kama hii, ukimaliza kupanda unakaribia kuanza kushuka. Kilomita 280 kwa dakika 31 ni wastani wa kilomita 542 kwa saa. Dani aliniuliza soda inagawiwa lini, na kabla sijajibu tulishaambiwa tufunge mikanda.

Sababu ya tatu inahusu upepo na ziwa letu. Ndege hupaa ikielekea upepo unakotoka. Mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo hutoka ziwani kuja mjini. Wenzetu mnaokaa Dunga na Usoma mnaufahamu vizuri. Basi ndege za mchana mara nyingi hupaa zikielekea ziwani, kusini-magharibi, na Nairobi iko kusini-mashariki. Yaani rubani anaanza safari ya Nairobi kwa kuipa mgongo, halafu anapinda juu ya maji kurudi njia yake. Watoto wa ufukweni wanaowapungia mkono abiria wa Nairobi pengine hawajui kwamba wanaoga katika sehemu ya barabara ya kwenda Nairobi.

Na huko juu pia kuna upepo. Tuseme unavuma kutoka mashariki kilomita 40 kwa saa. Ukienda Nairobi unapunguziwa mwendo, 667 inakuwa 627. Ukirudi Kisumu unasukumwa, inakuwa 707. Piga hesabu utaona tofauti ni kama dakika tatu tu. Kwa safari yetu hilo si kitu. Kwa safari ya London inaweza kuwa nusu saa na zaidi.

Jambo moja lilinifurahisha nalo halina faida yoyote. Longitudo ya Kisumu na ya Nairobi zinatofautiana kwa digrii 2.2. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne za saa. Kwa hivyo jua likiwa juu ya utosi wa mtu wa Nairobi, litachukua dakika tisa kufika utosini pa mtu wa Kisumu. Ndege ndiyo hiyo inachukua dakika 31. Tukisema ndege ina mbio, jua linacheka.

WALIOTUTANGULIA

Kabla ya Disemba 1901 reli haikuwa imefika hapa. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na ilipofika ziwani mahali pale paliitwa Port Florence. Lakini kile ambacho wengi wetu hatukijui ni kwamba Kisumu ilikuwa mji wa ndege za kimataifa kabla babu zetu wengi hawajavaa viatu. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha njia kutoka London hadi Mwanza, ikipitia Misri, Sudan na Kisumu. Kuanzia Khartoum zilikuja ndege za majini, zenye tumbo kama mashua, zikatua juu ya ziwa lenyewe. Haikuhitajika lami wala kufyeka kichaka. Ghuba yetu ilikuwa uwanja tayari.

Mwanzoni mwa 1932 njia ikaendelezwa hadi Cape Town, na safari nzima kutoka London ilikuwa ya siku 11 hivi. Abiria walibadilisha ndege hapa hapa Kisumu: walishuka kutoka ile ya majini wakapanda ya magurudumu, aina ya Hercules, kwenda Nairobi na kusini zaidi. Hercules ilikwenda kama kilomita 177 kwa saa. Kwa umbali wetu wa kilomita 280, hiyo ni saa moja na dakika 35 bila kuhesabu kupanda na kushuka. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini zilizotoka Southampton hadi Durban, nazo pia zilitua Kisumu. Wakati huo Nairobi ndiyo iliyongoja barua zitoke Kisumu! Kuna kampuni iliyoitwa Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson, ambayo ilizisambaza barua hizo hadi pwani. Uwanja wa Wilson unaitwa kwa jina lake.

Baadaye dunia ikajenga viwanja virefu vya lami na ndege za majini zikaachwa, na Kisumu ikawa kituo kidogo kwa miaka mingi. Mapema mwaka 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua uwanja wetu ulioboreshwa, na njia ya kurukia ikawa imerefushwa kutoka kilomita 2 hivi hadi 3.3. Mimi nilidhani historia ya ndege Kisumu ilianzia hapo. Kumbe!

MLANGO HADI MLANGO

Watu husema, "Nairobi ni dakika hamsini tu." Shangazi alisema hivyo jioni ile, na ndiyo maana kosa langu halikugunduliwa. Mtu yeyote ambaye ameshafanya safari hii angejua kwamba kutua saa nane ili uwe hospitali saa tisa ni kujidanganya, na angeuliza, "Hebu angalia tena hiyo saa." Baba, aliyenunua tiketi ya asubuhi kwa miadi ya alasiri, hakuwa mjinga. Alikuwa anampa mama yake nafasi ya kupumua.

Safari yetu ya pili ilikuwa hivi. Tulitoka Nyamasaria saa kumi na moja na robo alfajiri. Lazima uwe uwanjani mapema, upite kwenye mashine, upimiwe mzigo, na kaunta hufungwa kabla ya ndege kuondoka. Baada ya kutua tulingoja mkoba, Dani akaenda msalani, tukamtafuta Baba, tukaingia mjini. Tangu 2022 kuna ile barabara ya juu ya kulipia, na kweli inasaidia, lakini ukishashuka kutoka juu foleni inakungoja palepale. Tulifika hospitali saa nne kasorobo. Jumla: saa nne na nusu.

Gawa kilomita 280 kwa saa nne na nusu. Unapata kilomita 62 kwa saa. Huo ndio mwendo wetu halisi, pamoja na mbwembwe zote za ndege! Matatu ya safari ya kwanza ilikwenda kilomita 346 kwa saa nane, wastani wa 43. Hapa simdharau dereva. Anatoka kwetu kwenye mita 1,130 juu ya bahari, anapanda hadi zaidi ya 2,500 pale Mau Summit, anateremka Nakuru, anapanda tena Limuru, na malori yamejaa mbele yake. Siku ile ilinyesha pia. Ndege inaokoa muda, ndiyo, lakini inaokoa saa tatu na nusu, si saba. Anayepanga safari ya mgonjwa apange kwa hesabu hiyo.

SASA KISWAHILI

Tufike penye kidonda. Tiketi haijui Kiswahili. Inaandika saa kwa mtindo wa kuanzia usiku wa manane, kutoka 00.00 hadi 23.59. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri: jua likichomoza tunaanza, saa ikipita tunasema saa moja. Utaratibu wetu una mantiki kwa watu wa Ikweta, maana kwetu jua halitukimbii. Hapa Kisumu huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likitofautiana kwa dakika chache tu. Mtu wa Ulaya angejaribu kuhesabu hivyo angechanganyikiwa, jua lao la Disemba na la Juni si jua moja.

Tofauti ni saa sita. Kwa tiketi, toa sita: 07.10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi. 13.10 ndiyo saa saba na dakika kumi mchana. Jibu likizidi 12, toa tena 12: 20.00 toa sita ni 14, toa 12 ni saa mbili usiku. Ikiwa ni kati ya 00.00 na 06.59, ongeza sita badala ya kutoa, 05.15 ni saa kumi na moja na robo alfajiri, na 06.20 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Wazee wana njia rahisi zaidi: kwenye saa ya mishale, soma nambari inayotazamana na mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 7, unaotazamana nao ni 1.

Kwa nini basi nilikosea, na ninayajua haya tangu darasa la kwanza? Nimefikiria sana. Nadhani ni kwa sababu shuleni tunasoma saa kwa Kiingereza na nyumbani tunaisema kwa Kiswahili na Kijaluo, na siku ile niliona tarakimu 7 nikaitamka tu kama nambari. Sikutafsiri, nilisoma. Zaidi ya hayo, sikusema "asubuhi" wala "mchana". Ningelazimika kulitaja neno hilo ningeshtuka mwenyewe. Kiswahili kimetupa alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, maneno sita, nami sikutumia hata moja.

Mtego mwingine ni wa tarehe. Tiketi ikisema Jumanne 00.15, wengi hufika uwanjani Jumanne usiku na kukuta ndege iliondoka jana yake. Hapa lugha yetu ni hodari kuliko tiketi, kwani tuna msemo wa "usiku wa kuamkia Jumanne". Saa sita na robo usiku wa kuamkia Jumanne: hakuna anayeweza kukosea. Tiketi huandika pia saa za kila mji. Kenya, Uganda na Tanzania tuna saa moja, lakini Kigali na Goma wako nyuma kwa saa moja. Ukiona ndege inaondoka Nairobi saa tatu asubuhi na kufika London saa tisa alasiri wakati wa baridi, usiseme ni safari ya saa sita. London wakati huo iko nyuma kwa saa tatu. Ni saa tisa.

Kuhusu Dani. Daktari alimtibu, na presha ya jicho imeshuka. Alisema sehemu ya kuona iliyopotea upande wa kulia haitarudi. Kama ilipotea katika zile wiki sita au ilikuwa imepotea tangu kabla, nilimwuliza, akasema hawezi kujua. Dani hajawahi kunilaumu. Ila tangu siku hiyo kila ninapomtajia saa ya jambo lolote, hata ya chakula, huniuliza, "Asubuhi au mchana?" halafu hutulia akingoja nijibu.

MASWALI

1. Uwanja wa Wilson uko 1°19′ Kusini na 36°49′ Mashariki. Tafuta umbali wake kutoka uwanja wa Kisumu kwa maili za baharini, kisha kwa kilomita.

2. Ndege ya Hercules ya mwaka 1932 ikikabiliwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ingechukua muda gani kwa kilomita 280? Kwa nini upepo huohuo uliwasumbua wao kuliko unavyotusumbua sisi?

3. Soma saa hizi kwa Kiswahili ukitaja pia wakati wa siku: 04.30, 11.45, 18.05, 23.50.

4. Tiketi yetu ya kurudi Kisumu, mimi na Dani, ilisema 17.20. Tulipaswa kutoka hospitalini saa ngapi? Majibu yaletwe kwa mwandishi wa Chama kabla ya likizo. Asiyetaja asubuhi au mchana hatasahihishiwa.